Kujitolea bila posho: miaka mitatu ya kubeba madumu Dodoma

Nilichaguliwa kuwa katibu wa kikundi cha bustani kwa sababu moja tu, nina mashine ya fotokopi. Siyo kwamba naandika vizuri au najua kilimo, hapana, baba yangu alikuwa fundi cherehani Morogoro mjini na mboga nyumbani tulikuwa tunanunua kwa mama mmoja aliyekuwa anapita na beseni kichwani. Ila siku ile pale ofisi ya mtaa, chini ya mwarobaini, afisa maendeleo ya jamii wa kata aliposema kikundi lazima kiwe na katiba, na katiba ichapwe, na nakala zipigwe, watu wote wakageuza shingo kuniangalia mimi mwenye steshenari. Hakuna aliyepiga kura. Nikaambiwa tu "katibu njoo ukae huku mbele".

Miaka mitatu imepita na bado nakaa huku mbele.

Bustani yetu iko upande wa Nkuhungu, nyuma ya zahanati, na kabla haijawa bustani ilikuwa jalala. Wale mnaojua ile Jumamosi ya mwisho wa mwezi ya usafi mtanielewa, tulikuwa tunatoka na mafyekeo na mareki, tunafyeka, tunakusanya, tunapakia kwenye guta, panakuwa peupe kabisa halafu baada ya wiki mbili pampasi zimerudi palepale kama vile zina miguu. Tulifanya hivo kama mara nne. Mara ya nne bibi mmoja Mgogo anayekaa jirani, ambaye huwa hasemi sana, akasimama na ufagio wake akasema mtafagia mpaka mfe, pahala patupu ni pa kila mtu, kama hamtaki takataka pandeni kitu. Basi. Hakuna mradi, hakuna andiko, hakuna semina. Bibi alichoka kufagia.

Mwenyekiti wa mtaa akatupa barua ya kutumia eneo "mpaka pale litakapohitajika", na hayo maneno matatu nimeyasoma mara nyingi kuliko Biblia. Dodoma hii ukisikia watu wanasema "wapima wamekuja" moyo unashtuka hata kama huna kiwanja. Kwahiyo toka mwanzo tulikubaliana hatupandi miembe wala hatujengi kitu cha tofali, tunapanda vitu vya kuliwa ndani ya miezi miwili mitatu, na wakija kutuondoa waondoke na udongo wao sisi tumeshakula mboga zetu.

Sasa nije kwenye hili neno kujitolea, maana ndilo lililonifanya niandike.

Huu ni mji wa serikali. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa 1973, lakini wahamiaji wenyewe tumeanza kujaa kweli kuanzia 2016 na kuendelea, na pamoja na wizara ikaja tabia ya kikao. Mtu wa Dodoma ukimwambia kuna kikao anauliza vitu viwili, kinaanza saa ngapi na kuna posho? Siwalaumu, mimi mwenyewe mashine yangu inaishi kwa makabrasha ya vikao. Lakini kikao chetu cha kwanza walikuja watu zaidi ya arobaini, nikapitisha karatasi ya mahudhurio, kosa kubwa, kwa sababu karatasi ya mahudhurio hapa mjini ina maana yake, ukisaini unasubiri kitu. Mwishoni jamaa mmoja akanyoosha mkono kwa heshima zote, "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nilikuwa nauliza tu upande wa nauli." Anakaa nyumba ya tatu kutoka pale.

Kikao cha pili watu ishirini na kitu. Cha tatu kumi na saba.

Halafu kuna kujitolea kwa aina nyingine, kwa vijana waliomaliza chuo. Kijana akikwambia "najitolea" hamaanishi anafanya jambo kwa moyo, anamaanisha anafundisha au anafanya kazi ofisi fulani bila mshahara, miaka miwili mitatu, akisubiri ajira zitangazwe. Tulipata mmoja wa hivo, kasomea kilimo, kijana mzuri sana, na alisema wazi siku ya kwanza kwamba anataka barua ya utambulisho ya kuambatanisha kwenye maombi yake. Mama chapati (ana jina lake ila mtaa mzima tunamwita hivo) alikasirika, akasema huyo siyo mwenzetu. Mimi nikamwandikia barua, nikaigonga muhuri. Miezi mitano aliyokaa na sisi alitufundisha kutengeneza mboji, alitufundisha kitalu, na aliondoka alipopata kazi Singida na hatuna kinyongo naye hata kidogo. Alikuja na hesabu yake mezani, kuliko wale waliokuja na hesabu mfukoni.

Lakini huyo huyo kijana ndiye aliyetuingiza chaka la kwanza. Alituchimbisha matuta ya kunyanyua, yale marefu mazuri ya kwenye picha, maana huko alikofanyia mafunzo kwa vitendo mvua ni nyingi na shida yao ni maji kutuama. Dodoma maji yatuame wapi? Mvua yetu kwa mwaka ni kama milimita 550 hadi 600, na karibu yote inamwagwa kati ya Desemba na Aprili, baada ya hapo mpaka Novemba ni jua na upepo. Na huu upepo, aisee, asiyeujua asidhani ataujua kwa kuuona kwenye simu, kuanzia Julai Agosti unavuma mchana kutwa na vumbi jekundu, nguo nyeupe ukianika unaanua za pinki. Tuta la kunyanyua linapigwa na upepo kulia na kushoto, unamwagilia saa kumi na mbili asubuhi, saa nne udongo umeshakuwa kama biskuti.

Bibi aliangalia wiki ya kwanza akanyamaza. Wiki ya pili akaja na jembe lake la mpini mfupi, akachagua kona moja akachimba kitu kinachofanana na kaburi la mtoto, samahani ila ndivyo kilivyofanana, yaani tuta limezama chini ya ardhi kama shubiri moja, kingo zimeinuka pembeni. Akaweka samadi ya mbuzi iliyokaa mwaka mzima zizini kwa shemeji yake, akachanganya, akasia mchicha. Maji akimwaga yanabaki humo humo, upepo unapita juu. Wiki ya nne anachuma. Sisi wa matuta ya kunyanyua tulikuwa na vijiti. Tukabomoa yote tukachimba upya, na kijana wa chuo kwa heshima yake alichimba kuliko wote. (Januari mvua kubwa ya kwanza ikaja usiku, haya mashimo yetu yote yakawa mabwawa na mbegu zikaelea zikaenda kwa jirani. Kwahiyo sa hivi Desemba tunafukia kidogo, Mei tunazamisha tena. Hakuna mtu aliyetuambia, tumejua kwa hasara.)

Maji ndiyo hadithi yenyewe. Mwanzoni tulichota kwa jirani mwenye kisima, mtu mkarimu, hakutaka hata mia. Ila maji ya visima sehemu nyingi za hapa yana chumvi, sabuni haitoi povu, chai inakuwa na ladha ya kitu kingine. Tulimwagilia miezi miwili tukaona udongo unaota ukoko mweupe juu kama unga. Maharage yakawa ya kwanza kufa, majani yanaungua pembeni yanakauka kuelekea katikati, tukadhani ni ugonjwa tukanunua dawa, tukapulizia, yakafa na dawa juu. Spinachi zikawa zimesimama tu zinatuangalia. Baadae kijana wa chuo akatueleza kwamba maharage hayawezi chumvi kabisa lakini spinachi na ndugu zake wanaistahimili. Sasa hapo kama mngekuwa nyie mngefanyaje? Wengine walitaka tupande spinachi peke yake. Mtaa mzima ungekula spinachi mpaka tukimbiane.

Tukachangishana tukavuta bomba, na mita ipo kwa jina la kikundi. Maji ya bomba Dodoma mengi yanatoka visima virefu vya huko Mzakwe, Makutupora, na kwa kuwa tumekuwa wengi kuliko mji ulivyotegemewa, kwetu yanakuja kwa mgao, siku mbili tatu kwa wiki, mara nyingi usiku. Kwahiyo ukawa lazima uwe na tanki, na tanki letu ni la lita 2,000.

Hesabu niliipiga mimi kwenye karatasi ya fotokopi iliyoharibika. Matuta ishirini na mbili, kila moja upana mita moja urefu mita nane. Wakati wa jua kali tuta moja linataka madumu matatu ya lita ishirini kwa siku. Hayo ni madumu sitini na sita, lita 1,320, nusu asubuhi nusu jioni. Ukiweka matandazo ya nyasi kavu linashuka mpaka mawili, ila Dodoma kuna mchwa, unatandaza nyasi Jumatatu, Jumapili hakuna kitu, wamekula wote wameacha vichuguu. Tukajaribu majani makavu ya mwarobaini yakadumu kidogo zaidi, siyo sana. Basi weka wastani wa madumu hamsini kwa siku, kila siku, Krismasi, Idi, siku ya msiba, siku ya mechi ya watani.

Hapo ndipo kikundi kilipojulikana kina nani.

Kutoka watu kumi na saba tukabaki kumi na wanne, na hiyo namba ikakaa vizuri yenyewe, siku saba mara watu wawili. Nikachapa ratiba, nikaifunika na nailoni kwa mashine ya dukani, nikaitundika kwenye mlango wa stoo. Kila mtu na mwenzake wana siku yao, asubuhi saa kumi na mbili na jioni saa kumi na moja, asipokuja faini elfu mbili na anachukua zamu ya mtu mwingine wiki inayofuata. Hatujawahi tena kutumia neno kujitolea. Hakuna anayesema "nimeenda kujitolea bustanini". Wanasema leo zamu yangu. Na nimeona tofauti yake kwa macho, mtu anayejitolea siku akichoka anaona ameshatoa vya kutosha, wa zamu hata akinuna anakuja, ananuna huku anamwaga maji, na mchicha haujali.

Tuna mtumishi mmoja wa wizara, mtu mkubwa tu, ana dereva. Familia yake iko Dar, kila Ijumaa anaenda, zamani kwa basi na tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma 2024 ndiyo kabisa. Tulimpangia Jumatatu. Miezi ya kwanza alikuja mwenyewe na viatu vya ofisini mpaka mama chapati akamwambia "baba vua viatu hivyo utavitia adabu", na mzee akavua, akavaa yeboyebo za stoo. Halafu kazi zikazidi akaanza kumlipa dogo wa bodaboda elfu tatu amwagilie badala yake. Matuta yalikuwa yanapata maji vizuri tu, pengine vizuri zaidi.

Hicho kikao kilichukua masaa matatu. Mama chapati alisimama akasema hivi, na mimi niliandika kwenye muhtasari karibu neno kwa neno kwa sababu sikutaka kulisahau: leo mkubwa analipa elfu tatu, kesho mwalimu analipa, keshokutwa mwenye duka analipa (akaniangalia), mwisho tutabaki mimi na bibi na huyu dogo tunabeba madumu na nyie mnatuma hela, halafu siku ya kugawa mboga mnakuja wote. Mtumishi akajibu kwa upole kwamba hela yake inamsaidia kijana na mboga hazijafa. Wote wawili wana hoja, hiyo ndiyo shida. Bibi akasema mmea hauulizi aliyeleta maji. Mimi nilikuwa upande wa mama chapati na bado niko huko, kwa sababu ile asubuhi ya saa kumi na mbili mnapokutana wawili na keni na dumu ndipo mnapoongea, ndipo nilipojua mwenzangu mtoto wake hajaenda shule wiki nzima, ndipo yeye alipojua duka langu limedaiwa kodi. Hela haiongei. Tukaamua mtu anaweza kutuma wa kulipwa mara mbili tu kwa mwezi, na dogo wa boda mwenyewe akaomba kuwa mwanachama. Sasa ndiye mwenzangu wa Ijumaa.

Kuhusu Ijumaa nina jambo la kukiri.

Ilikuwa Agosti mwaka jana. Nilipata kazi ya kuchapa mitihani ya shule, karatasi nyingi, mashine ikawa inakwama kila baada ya kurasa mia, nikalala dukani Alhamisi kuamkia Ijumaa. Dogo alikuwa ameniaga mapema kwamba ana msiba Kongwa, nikamwambia nenda ntafanya peke yangu. Sikufanya. Simu ilikuwa kwenye chaji chini ya meza, nimeshtuka saa nne na nusu, mwenye mitihani amesimama mlangoni, nikasema ntaenda mchana. Mchana nikasema jioni. Sasa Jumatano tulikuwa tumehamisha miche ya chainizi kutoka kitaluni, matuta manne, na mche uliohamishwa juzi ni kama mtu aliyetoka hospitali, hauna mizizi ya kutafuta maji, unategemea wewe tu. Upepo siku hiyo ulikuwa unabeba mpaka mabati.

Nilifika saa kumi na moja. Matuta manne yote miche imelala, imekuwa kama karatasi za sigara. Bibi alikuwepo, anamwagilia bamia na dumu lake la lita tano kwa sababu la ishirini hawezi tena. Hakunipigia simu, hana simu. Nikamwamkia shikamoo bibi, akaitikia marahaba, "Mbukwa katibu", salamu yake ya Kigogo kama siku zote, akaendelea na bamia zake. Ningefurahi kama angenitukana.

Daftari la faini linaandikwa na katibu. Kwahiyo nilikaa pale kwenye ndoo iliyogeuzwa nikaandika tarehe, nikaandika jina langu kwa mwandiko wangu, elfu mbili, nikasaini sehemu mbili, ya aliyekosa na ya aliyeandika. Kikao kikaongeza kwamba nioteshe miche mingine mimi mwenyewe, na hapo ndipo nilipojifunza kitalu kweli, maana mwanzo nilikuwa naangalia tu wenzangu wakifanya. Karibu wiki nne za kuamka kila siku, kuweka kichanja cha nyasi juu, kukipunguza kidogo kidogo ili miche izoee jua. Wiki hizo akina mama wa zahanati walikosa chainizi, tukawapa mlenda.

Mlenda nao una kesi yake. Mboga zetu zinagawanywa mafungu matatu, fungu la zahanati, yaani wajawazito na wazee wanaokuja kliniki, fungu la wanachama na fungu la kuuza kwa ajili ya bili ya maji. Bibi toka mwanzo alitaka mlenda upewe matuta. Wahamiaji, mimi nikiwemo, tukaona mlenda ni jani la porini, nani apoteze tuta? Bibi akachukua ukingo wa uzio ambao hakuna aliyeutaka, akasia, mvua za Desemba zikaupandisha wenyewe, na baada ya mvua hakuna aliyeumwagilia hata kikombe. Akachuma, akakausha, akaniambia ukikausha juani jani linakufa, kausha kivulini. (Kijana wa chuo akathibitisha, jua kali linaondoa vitamini A.) Akausaga akaujaza kwenye ndoo ya rangi yenye mfuniko. Septemba sokoni fungu la mchicha lililokuwa mia mbili mwezi wa nne limefika mia tano, bibi anafungua ndoo. Maji yachemke, magadi kidogo, unga wa mlenda, nyanya, karanga za kusaga, ugali wa uwele pembeni. Mtumishi wa wizara alikula sahani tatu akaomba apelekewe kidogo Dar, na nasikia mkewe alimuuliza ni dawa ya nini.

Wafadhili? Walikuja, ndiyo. Sitaji ni kina nani. Waliona picha zetu wakaja na gari mbili, wakatupa mipira ya matone, ile yenye vitundu inayodondosha maji taratibu kwenye shina, na fulana zenye nembo. Kifaa chenyewe ni kizuri sana sitaki kukisema vibaya, kilipunguza maji karibu nusu kwa miezi mitatu. Ila wiki bomba lilipokata tukajaza tanki kwa maji ya kisima, chumvi ikaziba vitundu, tukawapigia kuuliza tunasafishaje, tukaambiwa mradi umefungwa. Tukachomoa vitundu kimoja kimoja tukavichemsha na siki, vingine vikapona. Robo ya bustani bado inatumia mipira, zilizobaki tumerudi kwenye keni. Fulana zipo, ndizo tunavaa siku ya kubeba samadi.

Nyanya tuliacha. Tulijaribu mara mbili na mara zote mbili kantangaze alikula kila kitu, huyu mdudu ameingia nchini 2014 na mpaka leo ukimtaja mbele ya mkulima wa nyanya anatema mate. Tulimpulizia mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita ya maji, unaloweka usiku kucha unachuja, unapulizia jioni kwa sababu jua linaua nguvu yake. Kwa vidukari wa sukuma wiki inafanya kazi vizuri kabisa. Kwa kantangaze ilikuwa kama tunamtilia chumvi kwenye mboga, maana yeye anakaa ndani ya jani.

Na mbuzi. Uzio wa miiba ulishikilia mwaka mmoja, mbuzi wa jirani wakajifunza kuingia kwa magoti, sikudanganyi, kwa magoti. Tukapanda minyaa kuzunguka pande zote, unakata tu kijiti unachomeka hakitaki maji wala huruma, na mbuzi hawagusi. Onyo tu kwa atakayeiga, ule utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari, mwenzetu mmoja alishinda siku mbili hafungui macho. Kataza watoto wasiukaribie.

Kwenye kona ya juu kulikuwa na kisiki cha mgunga ambacho sisi tulitaka kung'oa tupate tuta la ishirini na tatu. Bibi akakataa. Huku vijijini Dodoma kuna kampeni ya Kisiki Hai, LEAD Foundation wameifundisha sana kwa wakulima, kwamba kisiki kinachochipua ukichagua machipukizi machache yenye nguvu ukapunguza mengine unapata mti bila kupanda, kwa sababu mizizi tayari ipo chini. Bibi anasema kampeni imemkuta anajua. Alibakiza machipukizi matatu akafunga kitambaa chekundu cha kanga yake mtu asikate. Sasa hivi mti umenipita kichwa, na saa kumi jioni kuna kivuli cha watu wanne wakibanana, ndipo tunapofanyia vikao. Matuta yamebaki ishirini na mbili.

Mwezi uliopita walikuja vijana wawili na kamba na vigingi vya chuma, wakapima pima kule barabarani, wakaangalia upande wetu, wakaondoka. Mwenyekiti wa mtaa anasema hajui kitu. Kwenye kikao mtumishi akashauri tuandike barua kuomba eneo lipimwe kama eneo la wazi, nikaiandika, imepokelewa kwa muhuri, tunasubiri. Ajenda iliyofuata ilikuwa nani anachangia dumu jipya maana mawili yanavuja.

Naandika hii ni saa nne usiku Alhamisi, nimeshafunga mahesabu ya duka, maji yametoka toka magharibi na tanki nimelipitia limejaa. Dogo wa boda amesema anakuja. Kwenye grupu la WhatsApp mama chapati ameshatuma meseji ya usiku kama kawaida yake kila Alhamisi tangu Agosti ile: "Katibu kesho usilale dukani."